Maisha ya Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Mwinjilisti mmoja wa upande wa Ntalikwa alitujia siku moja na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amesimama penye mashine ya kusaga nafaka siku ile fundi alipoifungua mota yake, akaona jambo lililomstaajabisha: kile chuma cha katikati, ndicho kizungukacho na kuuvuta mkanda wa mashine, hakikufungwa waya hata mmoja. Waya zote za umeme zilikomea katika ukuta wa nje wa mota, na kati ya ukuta ule na chuma cha ndani palikuwa na nafasi tupu, nyembamba kama jalada la kitabu. Watu waliokuwapo wakaanza kusemezana. Mmoja akasema ni jini, mwingine akacheka, na fundi mwenyewe akasema ndivyo mota zilivyo, akaendelea na kazi yake. Mwinjilisti akarudi nyumbani na neno moja moyoni: ni kitu gani kikizungushacho chuma kisichoguswa na kitu?

Swali hili si la kudharauliwa, kwa maana mtu asiyejibiwa na sisi atajibiwa kwingine, tena kwa malipo ya kuku. Tulipokwenda kutafuta jibu tuliliona limefungwa pamoja na maisha ya mtu mmoja, Mwingereza, aitwaye Michael Faraday, aliyefariki mwaka 1867. Basi twapenda kusimulia habari zake, na lile jibu litakuja mahali pake.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 katika Newington, karibu na mji wa London. Baba yake, James Faraday, alikuwa mhunzi. Wazee wetu wa Unyamwezi na Usumbwa walimheshimu mhunzi sana, kwa kuwa jembe lililotoka katika moto wake lilikuwa chombo cha shamba na mahari pia. Lakini huko London mhunzi alikuwa mtu maskini kama maskini wengine, tena James alikuwa mgonjwa, siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda mno, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja, akaambiwa ya kuwa ndio chakula chake cha juma zima. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Hata mwisho wa maisha yake hakuijua hesabu ya juu wanayoitumia wataalamu, na jambo hili msomaji alikumbuke, maana litarudi.

Alipokuwa na miaka 13 akaajiriwa na bwana Riebau, muuza vitabu, awe mtoto wa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata, 1805, akawa mwanagenzi wake katika kazi ya kutia vitabu majalada, kwa miaka saba. Wanagenzi wengine waliona vitabu kuwa ni karatasi za kushona na kugundisha; Michael alivisoma kabla ya kuvifunga. Katika kitabu kimoja kikubwa alikuta habari za umeme, na katika kingine, kilichoandikwa na mama mmoja aitwaye Jane Marcet, habari za kemia. Hakutaka kusadiki kwa kuambiwa tu. Kwa senti zake chache alinunua chupa na vipande vya madini, akayajaribu mwenyewe kila aliyoweza kuyajaribu. Nduguye mkubwa Robert, aliyefuata uhunzi wa baba yao, alimlipia shilingi moja kila mara aende jioni kuwasikiliza waalimu wa elimu hiyo. Sisi twamsifu Robert. Watu wengi wakuu wamefika mbali kwa shilingi za ndugu zao, na majina ya ndugu hao hayaandikwi.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa dukani akampa kibali cha kuingia katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution, kumsikiliza Humphry Davy, ambaye siku zile alikuwa na sifa kubwa kuliko wataalamu wote wa Uingereza. Michael akamsikiliza mara nne, akaandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vyombo vyote alivyoviona, akavitia jalada kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Kwanza hakukuwa na nafasi. Kisha msaidizi mmoja wa pale akaondolewa kwa sababu ya ugomvi, na Michael akaitwa. Tarehe 1 Machi 1813 akaanza kazi ya kuosha na kutengeneza vyombo, kwa shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili juu kabisa chini ya paa. Katika nyumba ile alikaa karibu miaka 50.

Safari yake na Davy katika nchi za Ufaransa na Italia, tangu Oktoba 1813 hata Aprili 1815, tutaipita upesi. Aliona mengi na kujuana na wataalamu wakubwa, lakini mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa kusafisha viatu, hata mara moja alikaribia kuiacha elimu na kuirudia kazi ya majalada.

Sasa twafika mwaka 1821, na hapa yatupasa tukae kidogo.

Jamaa ya Faraday walikuwa wa kanisa dogo sana lililotoka Scotland, wafuasi wa John Glas na mkwewe Robert Sandeman. Hawakuwa Walutheri, na mambo kadhaa waliyoshika sisi hatuyashiki. Hawakuwa na wachungaji wa mshahara. Waliwachagua wazee miongoni mwao. Walikula Meza ya Bwana kila Jumapili, wakala pamoja chakula cha upendo kati ya ibada mbili, na neno lile la Mathayo sura ya 6 juu ya hazina za duniani walilishika kama lilivyoandikwa. Tarehe 12 Juni 1821 Michael alimwoa Sarah Barnard, binti wa mzee mmoja wa kanisa lile, fundi wa fedha. Tarehe 15 Julai akasimama mbele ya ndugu zake akaikiri imani yake, akapokewa kuwa mshiriki. Hakumwambia mkewe kabla. Sarah alipouliza kwa nini, alijibiwa ya kuwa jambo lile lilikuwa kati yake na Mungu. Na mwezi wa Septemba akafanya kazi iliyomletea sifa, na sifa ile ikamletea aibu.

Ili tuifahamu kazi hiyo, na tuanze na dira. Wasomaji wa Tabora waijua habari ya Burton na Speke, waliofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857 kwa njia ya misafara, na dira mikononi. Sindano ya dira ni sumaku ndogo. Waizungusha utakavyo, nayo hurudi kuelekea kaskazini, kwa kuwa dunia nzima ni kama sumaku kubwa. Basi mwaka 1820 katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark ambako Walutheri ni wengi, Profesa Hans Christian Ørsted alipitisha umeme wa betri katika waya karibu na dira, akaona sindano inageuka. Tena haikuvutwa kuufuata waya, wala haikukimbizwa. Ilisimama kwa kukingama nao. Ukiizungusha dira pande zote za waya, sindano hugeuka nayo, kana kwamba kuna duara lisiloonekana kuuzunguka waya. Ulaya nzima ilitaharuki, na wataalamu wengi wakaandika mengi, tena yenye kupingana.

Faraday aliombwa na gazeti moja aandike historia ya mambo hayo. Kwa desturi yake hakutaka kuandika asichokiona kwa macho yake, akayafanya upya majaribio yote mmoja mmoja. Akawaza hivi: kama nguvu ya waya ni duara, basi ncha moja ya sumaku ikiachwa huru yapasa izunguke waya daima, kama ng'ombe aliyefungwa kamba azungukavyo kigingi, na waya ukiachwa huru yapasa uizunguke sumaku.

Tarehe 3 Septemba 1821 akalijaribu. Alichukua bakuli, akasimamisha sumaku katikati kwa nta, ncha yake moja ikaelekea juu, akajaza zebaki kuizunguka. Zebaki ni madini yaliyo maji, nayo hupitisha umeme. Kutoka juu akatundika waya mwepesi uwezao kuyumba, ncha yake ya chini ikagusa zebaki. Akaunganisha betri, umeme ukashuka katika waya, ukaingia katika zebaki, ukarudi. Na waya ukaanza kwenda. Ulizunguka sumaku, ukazunguka tena, wala haukukoma mpaka betri ilipoondolewa. Katika chombo kingine aliufunga waya na kuiacha sumaku huru, na sumaku ikauzunguka waya. Shemeji yake George, kijana wa miaka 14, alikuwapo. Wakacheza wote wawili kuizunguka meza, kisha Faraday akampeleka mjini kutazama michezo ya farasi.

Hapa ndipo penye nusu ya kwanza ya jibu letu. Watu wengi hudhani ya kuwa sumaku yaweza kuvuta tu. Lakini kuvuta peke yake hakuwezi kuendesha mashine: sumaku huvuta msumari, msumari hufika, hushikamana, na kazi imekwisha. Nguvu aliyoionyesha Faraday haivuti wala haifukuzi. Husukuma kwa ubavuni. Waya ukisogea hatua moja, nguvu huwa tena ubavuni mwake. Ukisogea hatua ya pili, vivyo hivyo. Wala hapana mahali pa kufika na kutulia. Ndiyo sababu huzunguka. Mota zote za ulimwengu ni watoto wa bakuli lile la zebaki. (Zebaki ina sumu, mvuke wake huharibu mwili, tusiwaruhusu watoto wa shule waichezee.)

Mwezi wa Oktoba akayapiga chapa mambo aliyoyaona. Mara maneno yakaanza kuvuma London ya kuwa Faraday ni mwizi. Chanzo chake kilikuwa hiki: mtaalamu mmoja mwenye heshima, Dokta Wollaston, alikuwa amewaza tangu zamani ya kuwa waya wenye umeme waweza kujizungusha wenyewe penye sumaku, kama msokoto mikononi mwa msokotaji, na mwezi wa Aprili alilijaribu pamoja na Davy, asifanikiwe. Faraday alisikia mazungumzo yao. Jambo alilolifanya yeye lilikuwa jingine, lakini katika maandiko yake hakumtaja Wollaston. Alikwenda kumtafuta kwanza, akaambiwa ametoka mjini; naye akaharakisha kupiga chapa.

Twaomba wasomaji wapime jambo hili kwa haki. Faraday hakuiba, lakini alikosa subira. Siku chache za kungoja zingalimwepusha na aibu ya miaka. Alikuwa mshiriki mpya wa kanisa, hata miezi mitatu haijatimia, na watu walinong'ona ya kuwa mwana wa mhunzi ameiba akili ya wakubwa. Hakujibu kwa matusi, wala hakunyamaza kama mwenye hatia. Alimwandikia Wollaston mwenyewe barua ya wazi, akataka kuonana naye na kusikia amemkosea nini. Wollaston, mtu mpole, hakuweka kinyongo. Alikuja mara kadhaa kuyatazama majaribio. Na mwaka 1823 jina la Faraday lilipopendekezwa kuingia katika chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, Wollaston alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Aliyempinga alikuwa Davy, mkuu wa chama, yule yule aliyemtoa katika duka la vitabu. Alimtaka aliondoe jina lake, Faraday akajibu ya kuwa si yeye aliyelipeleka. Tarehe 8 Januari 1824 kura zikapigwa, na Faraday akakubaliwa. Kura moja tu ilikuwa ya kumkataa. Wengi wamewaza ni ya nani. Faraday, tangu siku ile hata mauti yake, hakumsema Davy kwa ubaya, bali kila mara alimtaja kwa shukrani. Wenye kukaa na wakubwa wao wa kazi, na wakubwa wakaaona fahari ya wadogo kuwa ni wivu wao, watajua ya kuwa hili si jepesi.

Kwa miaka karibu kumi alishughulika zaidi na mambo mengine: kemia, vioo, mafundisho ya Ijumaa jioni, na mafundisho ya watoto wakati wa Krismasi. Hayo ya watoto aliyatoa kwa miaka 19, na kitabu kilichotokana na mafundisho yake juu ya mshumaa chasomwa hata leo. Waalimu wenzetu wangefaidi kujua jinsi alivyotumia mshumaa mmoja kufundisha habari za hewa, maji na pumzi ya mwanadamu. Hakuanza na neno gumu hata siku moja.

Sasa turudi kwenye mashine ya kusaga, kwa maana nusu ya pili ya jibu ni ngumu kuliko ya kwanza. Katika bakuli la zebaki, umeme uliingizwa katika waya wenye kuzunguka. Lakini chuma kile cha mota hakikupelekewa umeme. Umeme wake umetoka wapi?

Kulikuwa na kitendawili kimoja kilichowashinda wataalamu wa siku zile. Sumaku haivuti shaba. Wazee wa huku waliijua shaba vizuri. Wapagazi wa Kinyamwezi waliichukua mabegani kutoka Katanga, na Msiri, mwana wa nchi zetu, alikwenda kwa ajili ya biashara hiyo akawa mtawala huko. Weka sumaku juu ya kipande cha shaba, hapana kitu. Walakini mwaka 1824 Mfaransa Arago aliona ya kuwa sindano ya dira ikiwekwa juu ya sahani ya shaba hutulia upesi kuliko kawaida, na sahani ikizungushwa, sindano huifuata. Mwaka 1825 Waingereza Babbage na Herschel waligeuza jambo: walizungusha sumaku chini ya sahani ya shaba iliyotundikwa, na sahani, isiyoguswa na kitu, ikaanza kuzunguka nyuma ya sumaku. Tena sahani ikikatwa mianya kutoka ukingoni kuelekea katikati, huzunguka kwa unyonge. Hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma, akazungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, mbali mbali, bila kugusana. Alipoingiza umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyo penye waya wa pili ikashtuka, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikashtuka tena. Katika kutulia hapana kitu. Katika kubadilika tu ndipo umeme unapozaliwa upande wa pili. Mwezi wa Oktoba alisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa kama kikapu, akapata umeme. Alipoiacha imetulia, hakupata. Alipoitoa, akapata tena. Na tarehe 28 Oktoba alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme usiokatika. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa sumaku, na mitambo ya maji ya bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, iliyoanza kutoa umeme mwaka 2024, haina msingi mwingine.

Kitendawili kikafumbuliwa. Sumaku ipitapo karibu na shaba huzaa umeme ndani ya shaba yenyewe. Umeme ule huzunguka ndani ya sahani kama maji yazungukavyo katika kidimbwi, na kwa kuwa umeme una usumaku wake, sahani hushikwa na nguvu ile ya ubavuni na kuvutwa kuifuata sumaku. Ukiikata mianya, njia za umeme zakatika, nguvu yapungua. Na sahani haiwezi kuipata sumaku kamwe: kama ingalikwenda sawasawa nayo, pasingalikuwa na mwendo kati yao, wala umeme, wala nguvu. Daima yabaki nyuma kidogo.

Basi mota ya mashine ya kusaga ni sahani ile ya shaba iliyogeuzwa umbo. Katika ukuta wake wa nje waya zimepangwa duara, na umeme huzipitia kwa zamu, kundi baada ya kundi, mara 50 kila sekunde, hata usumaku wenyewe hukimbia kuzunguka ukuta, ingawa ukuta umesimama. Mpango huu ulijulikana mwaka 1888 kwa kazi ya Ferraris wa Italia na Tesla, miaka 21 baada ya Faraday kufa. Chuma cha ndani kina fito za shaba au alumini zilizounganishwa miisho yake. Usumaku ukipita, umeme wazaliwa humo, nacho chafuata. Mwinjilisti wetu akitazama kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota, huenda akakuta namba kama 1440. Katika mota ya namna hiyo usumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika, na chuma mara 1440. Hizo 60 ndizo bakio tulilolitaja. Jini lisingalihesabika hivyo. Tabora ilipata reli mwaka 1912, ya moto na mvuke; tangu mwaka 2024 magari ya umeme yanakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na njia yake inajengwa kuja kwetu. Hayo nayo huendeshwa na mota.

Tumetaja jini, basi tusiache jambo la mwaka 1853. Uingereza iliingiliwa na mchezo wa kuzungusha meza: watu huketi, huweka mikono juu ya meza, huita roho, na meza huzunguka. Wenye elimu pia walisadiki. Wengine walisema ni roho za wafu, wengine ni umeme au sumaku, na jina la Faraday likatajwa. Hakuwadhihaki. Alikwenda akaketi nao. Kisha akaweka juu ya meza vipande vya karatasi ngumu, kimoja juu ya kingine, vikiwa vimeshikana kwa gundi laini, ili aone kipi kitasogea kwanza. Kama meza ndiyo iendayo, cha chini kitatangulia; kama mikono ndiyo isukumayo, cha juu. Cha juu ndicho kilichotangulia. Tena akatengeneza kijiti cha kuonyesha kila msukumo wa mkono. Watu walipokitazama, meza haikusogea tena. Walikuwa wakisukuma bila kujua, wala hawakuwa waongo. Akaandika hayo katika gazeti la The Times, akipata matusi mengi kutoka kwa waliopenda roho kuliko ukweli.

Katika fedha alikuwa mtu wa ajabu. Kwa miaka mingi mshahara wake pale Royal Institution ulikuwa pauni 100 kwa mwaka, pamoja na nyumba, makaa na mishumaa. Karibu na mwaka 1830 matajiri wa viwanda walimlipa fedha zilizopita mshahara huo mara nyingi, ili awapimie madini na dawa zao. Akaiacha kazi hiyo karibu yote, apate nafasi ya majaribio. Mwaka 1835 serikali ilitaka kumpa pensheni ya pauni 300, lakini waziri mkuu alisema neno la dharau juu ya pensheni za namna hiyo, Faraday akaikataa, mpaka waziri alipoomba radhi. Baadaye aliombwa awe mkuu wa Royal Society, kiti kile alichokikalia Davy, akakataa.

Mwaka 1840 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Alihubiri kwa zamu yake, akawatembelea wagonjwa na maskini, na watu waliomsikia asema habari za umeme mbele ya wakuu wa nchi hawakujua ya kuwa Jumapili hukaa katika nyumba ndogo pamoja na mafundi na wauza maduka. Kisha mwaka 1844 yalitokea magomvi ya nidhamu katika kanisa lile, na washiriki kadhaa wakatengwa, Faraday miongoni mwao. Alikuwa na miaka 52, na sifa yake ilikuwa imeenea Ulaya yote. Angaliweza kuondoka, makanisa makubwa ya London yangalimpokea kwa furaha. Yeye aliungama, akangoja, akarudishwa baada ya majuma machache, akakaa kama mshiriki wa kawaida, bila uzee, kwa miaka 16. Na kwa kanuni yao aliyetengwa mara ya pili hakurudishwa tena, hata ilimpasa kuenenda kwa uangalifu siku zake zote. Mwaka uliofuata, 1845, aliona ya kuwa sumaku yaweza kugeuza hata nuru. Mwaka 1860 akachaguliwa tena kuwa mzee, akaitumikia kazi hiyo mpaka mwaka 1864 nguvu zilipomwishia.

Hesabu aliyoikosa utotoni iliandikwa na mwingine. Mskoti James Clerk Maxwell, kijana kwake kwa miaka 40, alizisoma duara zake zisizoonekana ambazo wataalamu wengi walizicheka, akazitia katika hesabu, na wataalamu wakanyamaza.

Miaka ya mwisho kumbukumbu yake ilipotea kidogo kidogo. Yeye aliyeandika kila jaribio kwa namba na tarehe, akazipita 16,000, alisahau maneno katikati ya barua. Tangu mwaka 1858 alikuwa na nyumba ya kukaa bure huko Hampton Court, kwa hisani ya Malkia Victoria. Huko alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi katika kiti chake. Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi. Alizikwa Highgate, na jiwe lake lina jina, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Hawakujaliwa watoto. Sarah alikaa mjane hata mwaka 1879, akalazwa kaburini kando yake.